Fundi Asiyekimbilia Spana

“Lamisi lini?”

Hilo ndilo swali la kwanza la fundi mmoja mwenye gereji ya mabati huko Majengo, Mombasa, kila anapoletewa gari kuukuu lenye injini inayokatakata. Mwenye gari huwa amekuja na jibu lake tayari: plagi zimekwisha, au petroli ya siku hizi ni mbovu, au jirani kamwambia ni koili. Fundi humwacha amalize, kisha humrudisha pale pale. Lamisi asubuhi likiwa baridi, au likishapata moto? Likiwa limesimama, au likitembea? Mlimani, au tambarare? Na mvua ikinyesha, huzidi? Muda wote huo boneti imefungwa na spana zimo sandukuni.

Nimekaa sana kwenye benchi la gereji ile, na kadiri ninavyokaa ndivyo ninavyoamini kwamba ufundi huu haujapewa heshima yake. Fundi anayeshusha injini asubuhi na kuipandisha jioni tunamsimulia mtaa mzima. Anayekaa saa nzima na injini bila kulegeza hata nati moja tunamwona mvivu, au hajui kazi. Kwangu mimi huyu wa pili ndiye bingwa, na sababu zimo ndani ya injini yenyewe.

Tuanze na hesabu. Katika injini ya kawaida ya petroli, kila silinda huwaka mara moja krankshafti inapozunguka mara 2. Injini ya silinda 4 ikinguruma taratibu kwa mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda hutakiwa kuwaka mara 400 katika dakika hiyo, na injini yote mara 1,600. Kila mwako mmoja unataka mambo matatu yakutane: petroli na hewa kwa kipimo chake, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche kali kwa wakati wake. Moja likikosekana, pigo hilo limepotea bure na gari linashtuka. Waya unaovuja moto, valvu iliyoungua, jeti ya kabureta iliyoziba, gasketi inayopitisha hewa, vyote dereva huvisikia kwa namna moja tu: gari linamisi. Lalamiko ni moja, visababishi ni chungu nzima, na kila kisababishi kina spea yake dukani inayongoja kununuliwa.

Hapo ndipo swali la “lini” linapofanya kazi. Cheche huruka pengo la plagi kwa shida zaidi pale hewa iliyomo silindani inapogandamizwa sana, na hilo hutokea gari likiwa na mzigo, dereva amekanyaga mafuta mpaka chini. Kwa hiyo koili iliyochoka, au plagi ambayo pengo lake limepanuka kwa kulika, huweza kutenda kazi bila taabu gari likiwa limesimama, ikaja kushindwa mlimani. Hewa inayopenya kwenye gasketi ya manifoldi hufanya kinyume. Gari likiwa limesimama injini huvuta hewa kidogo sana, kwa hiyo ile inayoingia kwa mlango wa nyuma huharibu kipimo chote. Ukikanyaga mafuta, kiasi kile kile humezwa na hewa nyingi inayopita njia halali, na injini hutulia. Pampu ya petroli iliyochoka, au chujio lililojaa uchafu, hutaka muda: gari hukimbia vizuri kwa kilomita kadhaa, kisha kabureta hukauka. Mwenye gari akijibu kwa makini, nusu ya washukiwa wameachiliwa kabla mtu hajachafua mkono.

Kwetu pwani kuna mshukiwa wa ziada, nao ni unyevu wenye chumvi. Umeme unaotoka kwenye koili kwenda kwenye plagi hupita volti 15,000, na umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia fupi. Ukikuta kifuniko cha distributa kina vumbi na unyevu, hutambaa juu yake, na kila unapotambaa huunguza mstari mwembamba wa kaboni ambao kesho utaupitisha kwa urahisi zaidi. Kukifuta kwa kitambaa hulipa gari nafuu ya siku chache tu. Fundi wetu hukitoa kifuniko juani, akakigeuzageuza taratibu mpaka mwanga uuguse mstari ule. Ikishindikana husubiri magharibi iingie, akawasha injini gizani boneti ikiwa wazi, akanyunyiza maji kidogo kwenye nyaya za plagi, na cheche za buluu zikaanza kujionyesha mahali ambapo hazikutakiwa kuwapo.

Anayepanda kwenda Nairobi naye ana yake. Jiji lile liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa Mombasa hutoa huko petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, hadi plagi zikashika masizi makavu meusi. Geji ya kupima mvuto wa hewa kwenye manifoldi, ambayo kwa injini isiyo na kosa hapa pwani husimama kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, kule hupungua kwa kama inchi 5 bila injini kuwa na ugonjwa wowote. Fundi asiyelijua hilo anaweza kufungua silinda hedi ya injini nzima kabisa.

Gari lililonifanya niandike makala haya ni Peugeot 504 pikapu, inayobeba nazi kutoka Kaloleni hadi soko la Kongowea. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa gari hili. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likaja kuunganishwa hapa Kenya kwa maelfu. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, baada ya mtangulizi wake, 404, kushinda mara 4 katika miaka ya 1960. Mara 2 kati ya hizo, 1966 na 1967, usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Sifa hiyo ya kuvumilia barabara zetu ndiyo inayowafanya wenye magari haya wayatibu hadi leo badala ya kuyauza kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Injini yake ina mambo yake. Silinda namba 1 iko nyuma, upande wa flaiwili, wala haiko mbele kwenye feni kama ilivyo kwa Toyota nyingi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Fundi aliyezoea kuhesabu kuanzia kwenye feni akizing'oa nyaya zote na kuzipanga upya kwa mazoea yake, injini haitawaka, au itapiga mabomu kwenye kabureta. Plagi nazo zimezama ndani ya visima virefu vinavyopita katikati ya kifuniko cha valvu, huzioni kwa juu, na maji au oili ikiingia kisimani moto huvujia humo humo. Kabla ya jambo lolote, fundi wetu humulika visima hivyo kwa tochi, kimoja kimoja.

Pikapu ile ilikuwa imepita gereji nyingine kabla ya kufika Majengo. Ilibadilishwa plagi, nyaya, koili na pampu ya petroli. Kabureta ikashushwa na kusafishwa. Bado ilimisi. Mwenyewe alikuwa ametumia fedha nyingi na amekwisha kukata tamaa. Akaulizwa swali lile lile.

“Mlima wa Mazeras laupanda vizuri tu, mzee,” akasema. “Likisimama, laguruma bila tatizo. Shida ni nikishapita Mtwapa kwenda Kilifi. Barabara tambarare, mguu nimeuweka tu juu ya mafuta, hapo ndipo likwamapo.”

Fundi akanyamaza. Jibu lile lilikuwa kinyume cha mambo yote. Cheche dhaifu ingejitokeza Mazeras, mzigo ukiwa mzito. Petroli haba nayo ingejitokeza huko huko. Hewa inayopenya ingejitokeza gari likiwa limesimama. Hili lilikuwa likifanya kazi ngumu bila kosa na kushindwa na kazi nyepesi.

“Haya, liwashe,” akasema.

Alianzia nyuma ya gari. Aliinama, akaweka kiganja karibu na mdomo wa eksozi, akakaa hapo kwa muda. Injini yenye silinda zote hai hutoa pumzi zilizolingana. Silinda moja ikifa, kiganja hukuta pengo linalojirudia kwa mpango. Kisha akashika kipande cha karatasi mbele ya eksozi. Valvu ya kutolea moshi ikiwa imeungua, karatasi hunyonywa kidogo kuelekea ndani kila silinda ile inapofika zamu yake. Hii ilisukumwa nje tu. Akaja mbele na koleo lenye mpini wa mpira, akachomoa waya mmoja wa plagi kwenye kifuniko cha distributa, akasikiliza mlio ukishuka, akaurudisha upesi. Akafanya hivyo kwa wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mmoja ulishusha mlio kwa kiasi kile kile.

Spanaboi wake alikwisha kuandaa geji ya kupimia mgandamizo. “Ya nini, mwanangu?” fundi akamwambia bila ukali. “Zote nne zafanya kazi sawa. Kinachokata, chakata zote kwa pamoja. Tafuta kitu ambacho zote nne zategemea.”

Nilitaka kumwomba alirudie neno hilo ili niliandike. Kwa koleo moja na dakika chache alikuwa ameigawa injini mafungu mawili: upande huu vile ambavyo kila silinda inavyo peke yake, yaani plagi, waya wake, valvu zake na ringi za pistoni yake, upande ule vile ambavyo silinda zote hugawana, yaani koili, kondensa, kontakti, rota, kabureta na petroli. Fungu la kwanza likawekwa kando lote.

Ingekuwa silinda moja imekufa, angeshika njia nyingine, na njia hiyo pia nimeiona akiifuata. Huichukua plagi ya silinda hiyo na kuihamishia kwa jirani. Kosa likihama na plagi, plagi ndiyo yenye kosa. Likibaki, huuhamisha waya. Vyote viwili vikiwa safi, ndipo hupima mgandamizo, plagi zote zikiwa nje na kanyagio la mafuta limekanyagwa mpaka chini ili hewa iingie tele. Silinda ikisoma chini ya wenzake, humimina ndani kijiko cha oili na kupima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi zimelika, kwa kuwa oili imeziba mahali pa kupenya. Usipopanda, hewa inatorokea kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi, na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi kati yao ndiyo iliyotoboka. Kila hatua ina jibu la ndiyo au hapana, na kila jibu humwambia hatua inayofuata.

Turudi kwa pikapu. Fundi alikaa juu ya debe akijiuliza, kwa sauti kidogo, ni kitu gani hubadilika gari likienda tambarare kwa mguu mwepesi, na hakibadiliki likisimama wala likipanda mlima.

Kando ya distributa kuna kikopo cha bati chenye kiwambo ndani, kilichounganishwa na kabureta kwa mpira mwembamba. Gari likitembea kwa mafuta kidogo, mvuto wa hewa katika mpira huo huwa mkubwa, kiwambo huvuta, na kibamba kinachobeba kontakti ndani ya distributa huzunguka digrii chache ili cheche iwahi, maana mchanganyiko hafifu huchelewa kuungua. Gari likiwa limesimama, tundu la mpira huo kwenye kabureta halipati mvuto. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, mvuto huo huisha. Katika hali hizo mbili kibamba hurudi mahali pake na kutulia.

Fundi aliuchomoa mpira kwenye kabureta, injini ikiendelea kunguruma, akautia mdomoni, akauvuta kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija. Injini isiyo na kosa, ukiifanyia hivyo, hupandisha mlio kidogo. Hii ilikata papo hapo. Akaachia, ikarudi. Akavuta tena, ikakata tena. Spanaboi akacheka kwa furaha na kunyoosha mkono kwenye klipu za distributa. Akazuiwa. Fundi aliurudisha mpira kwenye kabureta, akauchomoa upande wa kikopo, akauziba kwa skrubu, akamwambia mwenye gari avuke nalo daraja la Nyali, aende taratibu na kurudi. Gari lilikwenda na kurudi bila kukwama hata mara moja. Baada ya hapo tu ndipo distributa ilipofunguliwa.

Mle ndani kuna waya mfupi mweusi, urefu wa kidole, unaotoka kwenye terminali ya nje kwenda kwenye kontakti. Ukiutazama ulikuwa mzima. Lakini kila kibamba kinapozunguka, waya huu hujikunja na kujikunjua, na kwa miaka yote ya safari za Kaloleni umefanya hivyo bila kupumzika. Fundi aliutoa, akaupasua ganda kwa wembe. Nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote na kuungua nchani. Chache zilizobaki ziligusana waya ukilegea, zikaachana ukivutwa. Koili mpya isingeweza kutibu hilo, wala kabureta mpya.

Kuuweka waya mpya nako kulikuwa na adabu yake. Spanaboi alileta kipande cha waya wa taa za nyumba, mgumu, akakataliwa: waya mgumu ungekizuia kibamba kuzunguka na ungekatika tena upesi. Fundi alitafuta wenye nyuzi nyingi nyembamba, akaukata kwa urefu unaoacha mkunjo, akalehemu ncha zake kwa risasi, kisha akakivuta kibamba kwa kidole, kwenda na kurudi, akitazama kama waya unagusa chochote kinachozunguka. Akamalizia kwa kupima upya pengo la kontakti, kama milimita 0.4, kwa kuwa alikuwa amezigusa.

Waya wenyewe aliutoa kwenye sanduku la mabaki. Katika sanduku hilo hilo huweka kondensa kuukuu ambayo hawezi kuiuza kwa bei yoyote, kwa sababu anajua ni nzima. Injini ikitoa cheche ya manjano isiyo na nguvu badala ya buluu kali, huifunga hiyo kwanza kwa majaribio. Nampongeza sana kwa tabia hii. Wengi wetu tunaamini kwamba kitu kikiwa kipya basi kimekwisha kuondoka kwenye orodha ya washukiwa, ilhali madukani kuna kondensa ambazo hazidumu wiki. Spea iliyothibitishwa kwa kazi ina thamani kuliko iliyomo kwenye boksi linalong'aa.

Wapo watakaosema ufundi huu unakufa pamoja na magari yenye kontakti na kabureta. Mimi sioni hivyo. Tangu mwaka 1996 Marekani imeyataka magari mapya madogo yanayouzwa huko yawe na mfumo mmoja wa kompyuta wa kujichunguza, na mifumo ya namna hiyo leo imeenea duniani. Ukichomeka mashine na kusoma P0301, silinda namba 1 inamisi. P0302 ni ya pili. P0300 ni kumisi kusikokaa kwenye silinda moja. Kompyuta hulijua hilo kwa kupima kasi ya krankshafti, ambayo hupungua kidogo mno silinda inaposhindwa kuwaka, yaani hufanya kwa senza kile ambacho mzee wa Majengo alikifanya kwa kiganja. Pia hutunza kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati kosa lilipotokea: joto la injini, mizunguko yake, uzito wa kazi. Waliounda mfumo huo nao walitaka kujua “lini”. Ila kompyuta haisemi kama ni plagi, koili, injekta au valvu. Anayeusoma msimbo na kukimbilia dukani kununua koili anakosea vile vile alivyokosea yule aliyeibadilisha koili ya pikapu.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye gari kuukuu, kabla hujalipeleka gereji, liendeshe siku mbili tatu ukisikiliza. Andika kwenye simu yako: lilikuwa baridi au moto, limesimama au linatembea, mlimani au tambarare, kukiwa na mvua au jua. Mpe fundi maelezo hayo, na usimpe jina la ugonjwa. Usikubali vitu viwili vibadilishwe kwa wakati mmoja, maana gari likipona hutajua kilicholiponya, na likirudia utaanza upya. Na fundi akikuambia kwamba kazi kubwa ya leo ilikuwa kutafuta, akakutajia bei ya saa zake, mlipe bila kumwuliza iko wapi spea.